Mstari wa Maji

Nilikuwa mchimba chumvi, Katwe.
Nilisimama ziwani tangu alfajiri
maji yakinifika hapa, chini kidogo ya chuchu,
nikibandua mwamba kwa mtaimbo ambao sikuuona ncha.
Nikibanwa na mkojo, nilikojoa papo hapo.
Nani angejua? Ziwa lenyewe linanuka.

Sasa mstari ni ule ule.
Juu yake nipo: joto, mbu, kiganja cha mtoto.
Chini yake, kimya.
Lori lilirudi kinyumenyume na magunia yake,
na nilipozinduka ziwa lilikuwa limehamia ndani yangu
wala halikujua njia ya kutoka.

Mwaka wa kwanza niliyachukia maji.
Kikombe asubuhi, kikombe usiku, basi,
ili nisilowe mbele za watu.
Kwenye mazishi ya Baluku nililowa hata hivyo.
Mjane wake, katikati ya kilio,
akafungua kitenge cha begani akanitandikia mapajani
bila neno, kama mtu anayefunika chakula.

Nikajifungia wiki tatu.
Mkojo ukawa rangi ya chai kavu,
kisha ukachafuka kama maji yaliyooshewa mchele,
na homa ikatikisa kitanda
hata nikamwita mama, ambaye tulimzika zamani.

Mbambu alikuja kwa baiskeli yake ya kuzungushwa kwa mikono.
Yeye alivunjwa mgongo na ukuta, usiku wa mafuriko.
"Masereka, wewe mtu wa chumvi,
hujui maji yakisimama yanafanya nini?"
Akatoa mpira, mwembamba kama mrija wa pombe.
Akageuka dirishani, mimi nikabaki na mwili wangu,
naye akanielekeza kwa sauti ya kawaida kabisa
kama anayemwonyesha mgeni njia ya sokoni:
"Nawa. Paka mafuta ya hospitali. Piga hodi.
Pakigoma usilazimishe. Vuta pumzi, ngoja.
Mlango utafunguka wenyewe."

Ukafunguka. Nikalia, naye hakugeuka.

Kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne.
Jirani yangu Hamuza akiniona nimeshika birika na sabuni
hucheka: "Kumbe hata wewe una tano zako."
Binti yangu Biira amefunga utepe mwekundu
kwenye mkono wa sufuria ya kuchemshia mipira
isije ikasongewa bundu.
(Shangazi yake aliisonga, mara moja.
Tulikula kwa jirani siku hiyo.)

Nilidhani chini ya mstari hakuna anayesema.
Ila siku moja, kwenye foleni ya kliniki, saa tisa imepita,
kichwa kikaanza kugonga kama mtaimbo kwenye mwamba,
uso ukatiririka jasho, mikono ikasisimka vinyweleo.
"Malaria," akasema kijana wa dawati. "Subiri namba yako."
Nikamwambia: siyo. Ni kibofu.
Kimejaa, na hakina mdomo mwingine ila kichwa changu.
Nipe pazia, mwanangu, upesi, kabla sijapasuka mshipa.
Watu waligeuka. Waligeuka wote.
Nikalisema tena, kwa sauti, neno lile: kibofu.

Alinipa pazia.

Siku hizi nanunua jerikeni kwa mchuuzi
na nakunywa kwa saa kama anayelipa deni.
Mke wangu huuliza kwa nini tununue maji
ambayo baada ya saa nne ninayamwaga.
Anajua jibu. Anapenda tu kulisikia.

Kisha nainua chupa kwenye mwanga wa dirisha
na kuitazama kwa jicho moja,
jinsi nilivyoyatazama maji ya kidimbwi changu
kujua kama chumvi imeanza kushika.
Wakati ule niliyaombea yawe mazito.

Leo naona vidole vyangu upande wa pili,
vyote, hadi kovu la mtaimbo.
Biira, mwaga hii.
Lete kikombe.